Wimbo wa Kuosha Mtungi

Watu wote wa kijiji chetu cha Zemokhevi wanajua kuimba, isipokuwa Pikria. Si kwamba hajajaribu. Akifungua kinywa, sauti ya kwanza huenda kushoto, ya pili huenda kulia, na wanaomsikiliza hubaki katikati hawajui wafuate ipi. Kanisani padri alimwomba kwa upole awe anashughulika na mishumaa. Kwenye harusi humpeleka jikoni, wakisema hakuna anayejua kupika kama yeye, na hilo ni kweli, lakini si sababu. Na marani, lile banda la mawe ambamo mitungi ya divai imefukiwa ardhini mpaka shingoni, huko ndiko alikokatazwa kabisa. Marehemu mume wake, Gela, alizoea kumwambia, "Mke wangu, Mungu amekupa kila kitu, lakini usiimbe karibu na mitungi. Divai itageuka siki." Alisema hivyo akicheka, kisha akambusu kwenye paji la uso, na Pikria naye akacheka. Ila neno likirudiwa ndoa nzima, hata liwe la mzaha, huota mizizi.

Gela alifariki miaka saba iliyopita. Shamba la mizabibu likabaki mikononi mwa Pikria, na mikono yake haikuwa na kasoro kama koo lake. Alipogoa, akavuna, akakanyaga, akakoroga machicha, yaani maganda na kokwa za zabibu, mitungini mchana na jioni, na divai yake ya rangi ya kaharabu, nzito, yenye ukali wa chai iliyokaa, ilisifiwa na hata watu ambao kwa kawaida husifu ya kwao tu. Jambo moja tu lilikuwa nje ya uwezo wake. Mtungi ukishatolewa divai lazima uoshwe siku hiyohiyo, na anayeingia ndani kuuosha lazima aimbe, na aliye juu lazima aitikie.

Desturi hiyo haikuanzishwa kwa anasa. Pumzi ya machicha haionekani wala hainuki, na zamani watu waliingia mtungini na brashi wakatolewa wamekufa. Kwa hiyo wazee wakaweka sheria: aliye ndani asinyamaze. Anaimba mstari, wa juu wanaitikia, anaendelea kusugua. Akikatika sauti, wanamvuta kwa kamba bila kuuliza. Na kwa kuwa mtu aliye ndani ya mtungi haonekani uso, polepole watu wakaanza kuimba humo mambo ambayo mezani yasingesemeka: nani mchoyo, nani amemtazama mke wa nani. Huku kwetu maneno ya mtungini hayana kesi. Lakini yana jibu, na jibu lake ni la wimbo.

Tangu Gela azikwe, kazi ya kuitikia ilikuwa ya shemeji yake Pikria, Vazha, mdogo wa Gela, mtu mnene mwenye besi linalotikisa vikombe. Vazha alijihesabu kuwa mlinzi wa mitungi ya kaka yake. Hakuna aliyempa cheo hicho, naye hakusubiri kupewa.

Kisha akaja Otia.

Otia alikuwa fundi wa mitungi kutoka Imereti, upande wa pili wa milima, magharibi. Alikuja mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, na lori lake likiwa limebeba mtungi mkubwa uliolazwa juu ya majani makavu, kwa sababu mmoja wa mitungi ya Pikria ulikuwa umepasuka. Kuufukia mtungi ni kazi ya siku mbili. Otia alitumia wiki. Baada ya mwezi akarudi kuangalia kama umekaa sawa. Wakati wa theluji akarudi tena, kuangalia kama baridi haikuutikisa.

"Mama," akasema Tekla, binti ya Pikria, msichana mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi, "mtungi ukishafukiwa huenda wapi?"

"Fundi mzuri huifuatilia kazi yake," akajibu Pikria, akijifanya anatafuta kijiko.

"Basi fundi aliyetujengea choo hatupendi."

Kila mtu anajua kwamba Waimereti wana maneno ya asali. Mwimereti akikuomba chumvi utadhani anakuposa. Otia pekee alizaliwa siku ambayo asali iliisha. Alikuwa mjane, mwenye mabega ya mfinyanzi na nyusi nyeupe za vumbi la udongo, na akikaa mbele ya Pikria maneno yalimkauka. Alisifia mkate. Alisifia tanuri lililooka mkate. Siku moja alisifia kuni. Kisha akainuka akaenda kuukagua mtungi.

Jambo moja tu lilimfungua ulimi, nalo lilikuwa ugomvi wa divai. Kwetu Kakheti zabibu nyeupe huingia mtungini na maganda yake, kokwa zake na vikonyo vyake, vyote vinalala pamoja mpaka majira ya kuchipua. Kwao Imereti humimina mtungini maji ya zabibu, kisha hutupia konzi ya maganda kama mtu anayetia chumvi kwenye supu, basi. Divai yao hutoka nyepesi na nyeupe, yenye uchachu wa tufaha bichi.

"Nyie mnapika viatu," alisema Otia msimu wa mavuno, akiutazama mtungi wa Pikria uliojaa maganda hadi juu.

"Na nyie mnakunywa maji mliyooshea zabibu," akajibu Pikria.

"Nipe mtungi mmoja. Ule mdogo wa pembeni. Zabibu zako, njia yetu. Tuone."

Pikria alimpa. Vazha aliposikia akaja mbio, uso umemwiva. "Mtu wa ng'ambo ya mlima ametia mkono katika mitungi ya kaka yangu?"

"Mtungi ni wangu, shemeji," akasema Pikria. "Na mkono wake ameunawa."

Vazha alinuna mpaka Krismasi.

Sasa ilikuwa majira ya kuchipua, wiki mbili baada ya Pasaka, siku ya kufungua mitungi. Pikria aliamka akiwa na jiwe kifuani, kwani jana yake, Otia alipowasili, alikuwa amesimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, akasema, "Mitungi yako yote ni mizima sasa. Nimeikagua yote. Kesho kutwa naondoka, tanuri langu linaanza msimu. Sijui... sina tena cha kukagua." Akangoja. Pikria naye akangoja, kwa sababu mwanamke wa umri wake hamwambii mwanamume "kaa" kabla hajaambiwa "nikae". Wakatazamana hivyo kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie, na mwishowe Otia akavaa kofia, akaenda kulala kwa jirani.

Usiku ule Pikria aliukubali ukweli wote. Alimpenda. Alimpenda na vumbi lake na kuni alizozisifia. Na akiondoka bila neno hatarudi, maana wote wawili walikuwa watu wa heshima, na heshima ikizidi huwa ujinga.

Asubuhi majirani walijaa uani. Vazha, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa meza, mwongozaji wa unywaji, alishika jembe dogo akauvunja udongo uliofunika mdomo wa mtungi mkubwa, akainua kifuniko cha jiwe, akachota bakuli la kwanza. Akanusa. Akaonja. Akamtazama Pikria, akainamisha kichwa, na watu wakapumua. Divai ilikuwa safi, ya rangi ya kaharabu iliyoiva, na harufu yake ilikuwa ya lozi na aprikoti kavu. Wakainywa kwa heshima ya marehemu kwanza, kama ilivyo ada, kisha ya walio hai, kisha ya mizabibu yenyewe. Mishikaki ilichomwa juu ya makaa ya matawi ya mizabibu, jibini ikakatwa, mkate ukatoka tanurini, na divai nyeusi ya Tekla, aliyoitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka huo, ikapaka meno ya kila mtu rangi.

Kisha wakaufungua mtungi mdogo wa Otia.

Vazha akaliinua bakuli juani. "Naona kidole changu upande wa pili," akasema. "Hii ni divai au ni machozi ya bibi harusi?"

"Kunywa kwanza, kaka, ndipo utukane," akasema Otia.

Vazha akanywa. Akakunja uso kwa bidii, kama mtoto anayemezeshwa dawa asiyetaka kuonyesha kwamba ina sukari. "Mbaya," akasema. Akakaa kidogo. "Nionjeshe tena, niuhakikishe huo ubaya."

Akauhakikisha. Kabla mishikaki haijaisha alikuwa ameuhakikisha mara nyingi kiasi kwamba Tekla alimwekea jagi lake peke yake. Majirani nao walikuwa wakitikisa vichwa kwa masikitiko na kunyoosha bakuli. Bibi Sidonia, jirani mwenye umri mkubwa kuliko wote, aliyekuwa ameketi karibu na moto na blanketi magotini, alisema kwamba tumbo lake lina miaka thelathini halijapata kitu kinachoteremka kwa adabu namna ile.

Pikria alikuwa akizunguka na sahani. Kila alipopita karibu na Otia, Otia alifungua kinywa, na kila mara kikatoka kitu kuhusu jibini.

Mchana wakaanza kuihamisha divai ya mtungi mkubwa. Divai iliyotulia juu ilichotwa ikatiwa katika mtungi mwingine, na machicha yaliyobaki chini yakatolewa kwa ndoo kwa ajili ya kupikia gongo. Mtungi ukabaki mtupu, ukinuka kwa nguvu. Hapo akaitwa Datuna, kijana mwembamba wa jirani ambaye ndiye mwoshaji wa mitungi ya mtaa mzima. Datuna akapatikana nyuma ya banda, amemkumbatia mbuzi, akimweleza historia ya taifa letu kuanzia mwanzo.

"Huyu akiingia mtungini hatoki leo," akasema Vazha.

"Nitaingia mimi," akasema Otia.

Watu wakayatazama mabega yake, kisha wakautazama mdomo wa mtungi.

"Nimeujenga nikiwa ndani yake," akasema Otia. "Njia naijua."

Wakateremsha mshumaa kwa uzi kupima hewa. Ukawaka vizuri mpaka chini, wakautoa. Otia akavua shati, akafungwa kamba chini ya makwapa, akashika brashi ya magome ya mti wa cheri, akaanza kujipenyeza. Bega moja likapita. La pili likagoma. Akapumua nje, akajikunja, akainua mkono, akajaribu upande mwingine.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema Bibi Sidonia, na jinsi alivyomtazama Pikria aliposema hivyo, watu wengi ghafla waliona kuna haja ya kukohoa.

Otia akazama. Wakasikia miguu yake ikigusa chini, maji yakimwagwa, brashi ikianza: shwa, shwa, shwa. Kisha sauti ikapanda kutoka ardhini. Pikria hakuwahi kumsikia akiimba. Ilikuwa sauti laini, ya juu, ya kimagharibi, na mtungi uliinenepesha ikawa kama ya watu watatu.

"Mtungi, mama wa udongo, nimerudi tumboni mwako."

Vazha, amesimama mdomoni mwa mtungi na mikono kiunoni, akaitikia kwa besi lake: "Osha, mwana, osha, divai inatafuta nyumba."

"Kuna mtu hapo juu anaupenda ubaya, anauhakikisha kwa jagi."

Uwanja ukacheka. Vazha mwenyewe akajitahidi asicheke, akashindwa. "Osha, mwana, osha, na ulimi wako usugue."

Shwa, shwa. Brashi ikaenda polepole kidogo. Na hapo Otia, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amesifia kuni, akaupata ulimi wake kule gizani ambako hakuna aliyemwona.

"Kuna mwanamke hapo juu, vidole vyake vyeusi kwa zabibu. Nilimletea mtungi mmoja na visingizio kumi, na visingizio vimeisha."

Hakuna aliyecheka. Pikria alikuwa ameshika sahani ya vitunguu, akasahau ni ya nini.

"Nikitoka humu, niambieni, gari langu nilielekeze wapi? Kwetu kuna tanuri. Hapa kuna moyo wangu. Nikae?"

Uwanja mzima ukamgeukia Vazha, kwa maana yeye ndiye mwitikiaji. Na Vazha, kidevu kikimtetemeka, akafunga mdomo wake akaubana.

Shwa, shwa, ikasema brashi. Kisha Otia akaurudia mstari, kama anavyopaswa mtu asiyeitikiwa. "Hapa kuna moyo wangu. Nikae?"

"Shemeji," akasema Pikria kwa sauti ndogo. "Mtu yuko ndani."

"Namsikia."

"Mwitikie."

"Hilo siitikii. Nimeitikia mambo mengi juu ya mtungi huu, lakini sitasimama hapa nimkabidhi mtu wa magharibi nyumba ya kaka yangu kwa wimbo." Hakuwa na hasira tu. Macho yake yalikuwa na maji, na Pikria aliyaona, akamwonea huruma hata pale alipotamani kumsukumia mtungini.

Sauti ikapanda mara ya tatu, na safari hii ilikuwa imepungua, kama mtu anayegonga mlango ilhali ameshaamua kwamba hakuna mtu nyumbani. "Nikae?"

Pikria alijua kitakachofuata. Desturi ni kwamba wa juu wakinyamaza mara tatu, wa ndani hutoka. Otia atatoka, atajifuta uso, atasifia usafi wa maji, kesho atawasha lori. Na yeye atabaki na mitungi mizima.

"Mama, jibu," akanong'ona Tekla.

"Nijibuje? Kwa sauti gani?"

"Hiyohiyo uliyonayo," akasema Bibi Sidonia kutoka kwenye blanketi lake. "Ulitaka kuazima ya nani?"

Pikria akaweka sahani chini. Akaenda mpaka mdomoni mwa mtungi, mahali ambapo katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kufungua kinywa isipokuwa kuuliza ndoo iko wapi. Alimfikiria Gela, akamwambia kimoyomoyo, samahani mume wangu, leo lazima niharibu kitu. Akavuta pumzi, akaimba.

"Osha, fundi, osha, gari liache hapo hapo."

Mungu amsamehe. Mbwa wa jirani aliondoka uani bila haraka, kama mzee anayetoka kwenye mkutano usiomhusu. Mbuzi wa Datuna aliinua kichwa. Neno "osha" lilipanda, "fundi" likaanguka, na "gari" likaenda mahali ambapo hakuna gari lililowahi kufika. Watu walitazama viatu vyao. Lakini Pikria alikuwa amekwisha kuanza, na jambo la aibu likishaanza, katikati yake hakuna pa kupumzikia. Akaimba tena, kwa nguvu zaidi.

"Osha, fundi, osha, tanuri tutajenga hapa."

Vazha alikuwa ameshika shavu kama anayeumwa jino. "Pikria," akasema. "Pikria, nakuomba. Unaua wimbo."

"Nisaidie basi."

"Siwezi."

"Kaa usikilize unavyokufa." Akaimba mara ya tatu.

Ni lazima umjue Mkakheti ili ujue kilichomtokea Vazha. Mtu wetu anaweza kukuona unazama akakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani. Lakini kusikia wimbo ukielea hewani bila besi chini yake, hilo hawezi. Ni kama kuona mtoto juu ya ukuta. Mdomo wa Vazha ukafunguka wenyewe, na besi likatoka, refu, zito, la moja kwa moja, likajitandaza chini ya sauti ya Pikria kama sakafu. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, sauti ya Pikria ikapata mahali pa kuweka miguu. Haikuwa nzuri. Ilipinda bado. Lakini ilijua sasa iko wapi, na kila ilipoteleza, ilianguka juu ya kitu. Tekla akaingiza sauti ya kati, na wimbo ukasimama.

Walipomaliza, Bibi Sidonia akagonga fimbo yake chini. "Mmesikia wote? Mwenye kushika besi ameridhia maneno. Hiyo ni desturi tangu babu wa babu yangu. Vazha, hongera. Umemwoza shemeji yako."

"Mimi?" akasema Vazha. "Nilikuwa nauokoa wimbo tu."

"Umeuokoa vizuri."

Vazha akafungua mdomo kubisha, akageuza macho kwa kila mtu mmoja mmoja akitafuta wa kumuunga mkono, na hakumpata, kwa sababu wote walikuwa wamemsikia. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mwanzoni watu hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. "Gela angenicheka," akasema akijifuta kwa kofia. "Ndugu zangu, angenicheka mpaka afe mara ya pili." Akamnyooshea mkono Tekla. "Niletee ile divai mbaya."

Vicheko vikapasuka, mtu akaanza kupiga makofi, Datuna akaamka akauliza nani ameolewa. Na katikati ya kelele zile ni Pikria peke yake aliyetambua kwamba chini hakuna sauti. Hakuna wimbo. Hata brashi ilikuwa imenyamaza.

Mshumaa uliwaka, alijiambia, tuliuona ukiwaka. Lakini wangapi wameuona mshumaa ukiwaka na bado wakatoa maiti. Akajitupa kifudifudi juu ya udongo, akaingiza kichwa na mabega yake katika mdomo wa mtungi, gizani, katika harufu ile ya zabibu na nta. Nyuma yake Vazha alikuwa ameshika kamba, ameruka akasimama na kulia kwake kumekatika.

"Otia," akaita, na mtungi ukalirudisha jina mara tatu. "Otia, unanisikia? Mbona umenyamaza?"

Kisha, karibu zaidi na uso wake kuliko alivyotarajia, kwa sababu alikuwa amesimama ameinua kichwa na brashi mkononi, Otia akasema taratibu:

"Niko hapa. Niliacha kusugua nikusikie vizuri. Imba tena."

Pikria alibaki vile vile, kichwa chini, nywele zikimning'inia, machozi yakimtiririka kuelekea kwenye paji la uso. Miaka yote hiyo waliompenda na wasiompenda walikuwa wamemwomba jambo moja tu, kila mmoja kwa adabu yake, na huyu alikuwa ameomba lingine. Akaimba tena. Aliimba vibaya, kwa sauti yake yote, na hakuna aliyemzuia.